Fundi AC, panga biashara yako Juni: vibali, gharama na soko la Dar es Salaam

Ukitaka kutoka kwenye ufundi wa kuitwa na kuwa na ofisi yako ya viyoyozi hapa Dar, anza kupanga mwezi wa Juni, wakati hakuna anayekupigia simu. Mafundi wengi ninaowafahamu hufungua fremu Desemba. Kaskazi imetulia, joto limekolea, simu hazikatiki, kila jioni kuna hela mfukoni, nao wanaamini mwaka mzima utakwenda hivyo. Kusi ikishaanza kuvuma, watu wanalala madirisha wazi na kujifunika shuka. Kodi ya pango haijui kusi wala kaskazi. Ofisi nyingi za fani yetu hufia kati ya Juni na Agosti, na aghalabu mwenyewe alikuwa fundi mzuri tu.

Mimi ni mwanamke wa Tanga. Nilisomea majokofu na viyoyozi VETA Chang'ombe, nikafanya kazi hotelini, kisha nikafungua fremu yangu Tegeta. Nafunga na kuhudumia AC za majumbani, ofisi ndogo, saluni na maduka ya dawa, pamoja na vyumba vya baridi vya wauza samaki. Ninayoeleza hapa ni ya biashara ya ukubwa huo: wewe, msaidizi mmoja au wawili, na kirikuu cha kukodi.

Karatasi kwanza

Kama ufundi uliupata mtaani, nenda VETA ukaulizie urasimishaji wa ujuzi. Huo ni utaratibu wa kumpima mtu kwa anachokiweza tayari, kumwongezea pale penye pengo, na kumpa cheti kinachotambulika. Nimeona mafundi wa mtaani wanaosikia kompresa ikiguna na kujua tatizo kabla hawajafungua mfuniko. Lakini afisa ununuzi wa ofisi hawezi kuweka masikio yako kwenye faili. Anahitaji karatasi, na asipoipata atampa kazi mwenye karatasi.

Ukishakuwa na cheti na kitambulisho cha NIDA, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupitia mtandao wao. Kwa kuanzia jina linatosha. Kampuni ina ada inayopanda kulingana na mtaji unaoutaja, na ina taarifa za kupeleka kila mwaka, kwa hiyo ngoja mpaka uone kazi zinazoidai. Kisha TRA kwa ajili ya TIN, yaani namba ya mlipakodi. TIN ni bure. Mtu akikuomba hela ya TIN, mwache hapo hapo. Baada ya TIN utakadiriwa kodi, upewe hati ya uthibitisho wa mlipakodi, ndipo uende halmashauri kuomba leseni ya biashara, siku hizi kupitia mfumo wa TAUSI. Shika na mkataba wa pango, maana watauuliza.

Sasa sikiliza hili la makadirio, kwa sababu linagusa miezi yetu ya njaa. Kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoanza Januari, kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Awamu mbili kati ya hizo zinakukuta kwenye ukame. Mimi hela ya Juni na Septemba naitenga Februari na Machi, kwenye akaunti ambayo haina kadi, na msaidizi wangu anajua kwamba hiyo si hela ya kununulia mabomba. Unapokwenda kukadiriwa, waeleze kwamba biashara yako ina msimu. Ukiwatajia mauzo ya Januari kana kwamba ndiyo ya kila mwezi, utakadiriwa hivyo.

Risiti za EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, usizikwepe. Kiwango cha mauzo kinachokulazimu kuwa nazo ni kidogo kuliko vijana wengi wanavyodhani, na ofisi yoyote yenye mhasibu haitakulipa bila risiti. VAT ni habari nyingine: lazima ya kujisajili inaanza mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 mwaka 2023. Kwa ukubwa wetu bado tuko chini.

Umeme uuchukulie kwa heshima. Kufunga AC kwenye soketi au swichi iliyokuwa imeandaliwa ni jambo moja. Kuvuta waya mpya kutoka kwenye mbao ya umeme ya nyumba ni kazi ya ufungaji umeme, na mtu wa kuifanya lazima awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Ama ipate wewe mwenyewe, ama ushirikiane na fundi umeme mwenye leseni, umlipe sehemu yake, naye aweke jina lake. Nyumba ikiungua, swali la kwanza litakuwa nani alivuta waya ule.

Halafu Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Sheria yake ni ya mwaka 1997, nayo inasema kazi za ukandarasi zifanywe na waliosajiliwa. Sisi tunaangukia kwa makandarasi wa mitambo, ambao wana madaraja saba, la saba likiwa la kuanzia, au kwa makandarasi maalumu, wenye madaraja matatu. Kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Huhitaji CRB ili kusafisha AC ya mama mkwe wa jirani. Utaihitaji siku mwenye jengo la ghorofa anapotaka mfumo mzima ufungwe kwa mkataba, au unapotaka kuomba kazi za ujenzi za serikali. Ushauri wangu: usiikimbilie mwaka wa kwanza, ila tunza ushahidi wa kila kazi kubwa unayofanya: mkataba, picha, barua ya kukabidhi, malipo ya benki. Ukishasajiliwa, ulizia mfuko wao wa kusaidia makandarasi wadogo kupata dhamana za zabuni. Benki zetu hazimwamini mtu mwenye ngazi na mtungi wa gesi.

Ukiajiri, NSSF, yaani hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5. Hiyo nusu ya asilimia ndiyo hela ninayoilipa kwa moyo mweupe kuliko zote. Kazi yetu ni ya kuning'inia ukutani ghorofa ya nne. Msaidizi akianguka, bila WCF familia yake itabaki ikichangishana.

Vifaa, na habari ya gesi

Vijana hununua geji na mtungi wa gesi, wakajiita wamekamilika. Vitu vitatu ndivyo vinavyomtenga fundi na mjazaji wa gesi: pampu ya vakumu, mtungi wa nitrojeni wenye regeleta yake, na mzani. Nitrojeni inakuonyesha bomba linavuja wapi. Pampu inaondoa hewa na unyevu. Lenga chini ya mikroni 500 kwenye kipimo cha vakumu, kisha funga na uone kama kipimo kinakaa. Na hapa pwani hewa yenyewe ni maji. Mzani unakuambia umeingiza gramu ngapi, maana kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, si kwenye sindano ya geji peke yake. Baada ya hivyo tafuta klampu mita nzuri na spana ya kukazia kwa kipimo. Nati ikikazwa kwa hasira inapasua mdomo wa bomba, ikikazwa kwa woga inavuja.

Gesi inabadilika, na fundi asiyefuatilia atabaki na mtungi usio na mashine. R22, gesi ya AC za zamani, inakula tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza gesi za jamii hiyo kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, kisha kuziacha 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine kuukuu hadi 2040. Kwa hiyo R22 itazidi kuwa adimu na ghali, na adimu huzaa feki. Mtungi wa bei ya kutupa usiujaze kwenye mashine ya mtu. R410A, iliyoichukua nafasi yake, ina msukumo wa takribani mara moja na nusu ya R22 au zaidi kidogo, ndiyo maana geji na mabomba ya zamani hayaifai. Nayo pia iko kwenye orodha ya kupunguzwa. Makubaliano yaliyopitishwa Kigali Oktoba 2016 yanalitaka kundi la nchi zetu lisiongeze matumizi kuanzia 2024, lishuke asilimia 10 mwaka 2029, mpaka asilimia 80 mwaka 2045.

Mashine mpya nyingi sasa zinakuja na R32. Inapoza vizuri na madhara yake kwa joto la dunia ni kama theluthi ya R410A, ila inaweza kushika moto. Usichomelee bomba ambalo bado lina gesi, usivutie sigara karibu, fungua madirisha. Kuna majokofu yenye R600a na AC zenye R290. Hizo zinawaka kabisa, usizishike bila mafunzo. Na gesi yoyote ile usiifyatulie hewani. Iteke kwenye mtungi.

Bei inavyokokotolewa

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tunapouana wenyewe kwa wenyewe. Bei ya mtaani huwekwa na fundi aliyekwama siku hiyo. Ukiifuata, umeajiriwa na njaa yake.

Chukua mfano huu, weka tarakimu zako mwenyewe. Tuseme kila mwezi, upate kazi usipate, unatoa pango 150,000, simu na bando 40,000, leseni na mtu wa mahesabu 50,000, na uchakavu wa vifaa 100,000, yaani vifaa vya milioni 2.4 unavyotarajia vikae miaka miwili. Jumla 340,000. Mwezi wa Januari ukipata kazi 20, kila kazi inabeba 17,000. Mwezi wa Julai ukipata kazi 8, kila kazi inabeba 42,500. Fundi aliyepanga bei yake kwa hesabu ya Januari anakula hasara Julai bila kujua inatoka wapi.

Fanya hesabu ya mwaka. Miezi mitano ya joto, Novemba hadi Machi, kazi 20 kila mmoja: 100. Miezi saba iliyobaki, kazi 8 kila mmoja: 56. Jumla kazi 156. Gharama za mwaka ni 4,080,000. Gawanya: karibu 26,000 kwa kila kazi. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye kila bei, Januari na Julai sawasawa, kabla hujahesabu nauli, msaidizi, vifaa vya kutumika na jasho lako. Januari utaonekana umezidisha kidogo. Kile kilichozidi ni pango la Julai, usikile.

Juu ya hapo weka kitu cha kurudi. Kati ya kazi kadhaa utakazofunga, moja itakuita tena: dreni imeziba, mteja amebonyeza rimoti vibaya, nati imelegea. Kurudi kuna nauli na nusu siku. Fundi asiyeweka hela ya kurudi huzima simu, na jina lake huishia kwenye simu iliyozimwa.

Ofisi ikikulipa kwa huduma itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Usigombane nao; dai cheti cha zuio, kwa sababu kiasi kile kinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Cheti kikipotea, umelipa mara mbili. Na kwenye ankara tenganisha vifaa na ufundi kila mara.

Mweleze mteja gharama ya umeme kabla hujatoboa ukuta wake. Kwa mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, uniti moja ya LUKU pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ikivuta wastani wa kilowati 0.8 kwa saa nane za usiku, hizo ni uniti 6.4, karibu 2,280 kwa usiku mmoja, karibu 68,000 kwa mwezi. Mteja aliye kwenye D1, ile ya shilingi 100 kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, aambiwe wazi kwamba AC itamtoa huko. Asipoambiwa atasema fundi ameharibu mita. Nimepoteza wateja kwa kusema ukweli huu mapema, na waliobaki ni wale wanaolipa kwa wakati.

Kupima chumba pia ni sehemu ya bei. Mimi naanza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kisha naangalia juu na pembeni. Chumba cha nne kwa nne kinatoka 9,600, lakini kama kiko chini ya bati lisilo na dari, au ni saluni yenye madraya matatu, AC ya 9,000 haitapoza, itazunguka mchana kutwa na kufa mapema. Mteja anataka ndogo kwa sababu ni rahisi. Mwandikie ushauri wako kwenye karatasi, naye aamue.

Soko liko wapi

Masaki, Mikocheni na Mbezi Beach kuna AC kila ukuta, na kuna mafundi kila kona. Faida ya kule ni chumvi. Upepo wa bahari unakula mapezi ya alumini na braketi za chuma, kwa hiyo mashine za nje zinahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi kuliko za Kimara au Ubungo. Uza huduma hiyo kwa jina lake. Braketi iliyooza ghorofa ya tatu ni mauti yanayosubiri mpita njia, na mwenye nyumba akionyeshwa picha yake hulipa siku hiyo hiyo.

Umeme wenyewe umebadilisha soko. Wakati wa mgao wa 2023 kazi nyingi zilikuwa kapasita na kompresa zilizopigwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, jumla megawati 2,115, ilianza kuingia kwenye gridi mwaka 2024. Watu wanaendesha AC kwa saa nyingi zaidi, na sevisi zimekuwa nyingi. Kinga ya umeme bado pendekeza kila mahali. Mtaa wenye transfoma iliyolemewa haujali bwawa.

Serikali ni mteja mkubwa na mwenye subira ndefu ya kulipa. Zabuni zake zinapitia mfumo wa NeST, na huko kuna asilimia 30 iliyotengwa kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Dada zangu mlio kwenye fani hii, jisajilini. Jueni pia kwamba TEMESA ni wakala wa serikali anayetengeneza viyoyozi vya taasisi zake, kwa hiyo sehemu ya kazi hizo inapita kwake. Mtaji wa kikundi unaweza kutoka kwenye ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wizara zimehamia Dodoma, na ofisi za Mtumba zinahitaji matunzo. Anayeweza kuhamia kule aangalie.

Zanzibar kuna hoteli, lakini BRELA ni ya Bara. Kule utasajili BPRA, wakala wao wa usajili, na sehemu ya kodi ni ya ZRA, mamlaka yao ya mapato. Usivuke na boti ukidhani karatasi za Tegeta zinatosha.

Na joto je? Njombe, Makete, Mbeya na Arusha wanatetemeka miezi ileile ambayo sisi tumekosa kazi. Nyumba za wageni za kule zinataka hita za maji, za umeme na za jua. Fundi wa Dar mwenye ndugu Njombe anaweza kwenda kufunga hita Juni na Julai badala ya kukaa fremuni anahesabu magari. Njombe pia wana parachichi, na parachichi la kusafirishwa linataka chumba cha baridi. Chumba cha baridi hakina msimu wa kupumzika: samaki wa soko la Feri, chanjo, nyama, maziwa, vyote vinaoza Julai kama Januari. Ukipata nafasi ya kujifunza majokofu makubwa, usiiache.

Mkataba wa sevisi

Hii ndiyo dawa ya Juni, na msimu wa kuiuza ni Februari, mteja akiwa bado anakumbuka usiku aliolala akitokwa jasho. Jengo lenye AC kumi, sevisi kila miezi mitatu, ni kazi 40 kwa mwaka ambazo hukuzitafuta. Toa punguzo kidogo kwa sharti kwamba wewe ndiye unayepanga tarehe, kisha ziara nzito za kushusha na kuosha kila kitu uziweke Juni na Julai. Jumba likiwa na ubaridi hakuna anayelalamika AC ikizimwa nusu siku.

Andika kwenye mkataba: idadi ya mashine, namba ya kila moja na chumba ilipo, ziara ni ngapi, kila ziara inafanya nini, yaani kuosha vichujio na mapezi, kuzibua dreni, kupima ampea, kukagua braketi na waya, utafika baada ya saa ngapi ukiitwa kwa dharura. Andika kwamba vipuri na gesi havimo. Gesi hasa. AC haili gesi kama gari linavyokunywa petroli; ikipungua kuna mahali inavuja, na sentensi hiyo iwe ndani ya mkataba: hakuna kujaza kabla ya kutafuta na kuziba. Wateja wengi wamezoeshwa kujaziwa kila miezi minne, wakaona ni kawaida.

Kila ziara jaza fomu mbili, moja abaki nayo mteja na moja wewe: tarehe, msukumo wa gesi, ampea, nyuzi joto za hewa inayotoka, sahihi ya aliyekupokea. Malipo yawe kwa robo mwaka, mwanzoni mwa robo. Robo ya Julai ilipwe Julai, tarehe ya kwanza, kabla mwenye fremu hajagonga.